Imbwa Aliyekunywa Tetra

Kila asubuhi, kabla mutu yeyote wa nyumba ile hajatia kitu mudomoni, imbwa ndiye aliyetangulia kunywa dawa. Ignace alikata kipande cha bugali ya jana, akakifinya ndani ya kiganja, akafungua kapsule ya tetra, dawa ya vidonda, ile nyekundu na njano, akamwaga unga wake katikati ya donge. Hakuumwaga wote. Uliobaki ulikuwa wa kidole gumba chake mwenyewe, maana kazi yake sokoni Kadutu ilikuwa kukata viatu vya mupira wa gari, na kisu cha mupira hakimalizi juma bila kuonja nyama ya fundi.

"Waseme! Kuya, ndugu yangu. Kuya ukunywe."

Imbwa alikuja akijikuna, sikio lake la kushoto limelala kama jani lililopigwa na mvua ya mawe, linatoa maji yenye harufu. Alimeza donge bila kutafuna, kisha akalamba vidole vya Ignace kimoja kimoja, na gumba lile lenye kidonda akalilamba zaidi.

Emérence alitazama hayo yote kutoka mulango wa jikoni, akipepea moto wa makala kwenye babula. Alikuwa mujane ndani ya nyumba ya shemeji yake, na mujane anameza maneno mengi kuliko bugali.

Tena, imbwa yule hakuwa imbwa wa hivi hivi. Alikuwa wa Bulonza, marehemu mume wa Emérence, mudogo wake Ignace. Ni Bulonza aliyempa jina lile, siku majirani walipomucheka kwamba anaacha kazi ya muji kwenda kuchimba zaabu Luhwindja. "Waseme," alijibu, "watachoka." Kule kwenye mashimo, wachimbaji hawashuki bila tetra. Mutu anameza kapsule moja kama vile mwingine anavyofanya alama ya musalaba, ndipo anaingia chini. Akitoka amechunika, anafungua nyingine anajimwagia unga kwenye kidonda. Bulonza alimugawia imbwa sehemu yake kila siku. "Naye ni muchimbaji," alisema.

Siku mulima ulipoanguka, Waseme alibaki kwenye mudomo wa shimo akifukua kwa makucha mpaka yakatoka damu, na jiwe likamupasua sikio. Watu walichoka kufukua kabla ya imbwa. Bulonza hakutolewa. Ignace alikuwa amepanda gari ya mizigo kwenda kuchukua maiti ya ndugu yake. Alirudi na imbwa. Alisimama katikati ya matanga, kamba mukononi, akasema, "Mwili sikupata. Nimepata huyu." Wanawake waliokuwa wameanza kucheka walijifunika midomo na vikwembe.

Kwa hiyo Ignace alimulisha kama vile Bulonza alivyomulisha, na dawa alimupa kama vile Bulonza alivyomupa. Hakuona kosa. Kosa lingekuwa kuacha.

Usiku Waseme alilala kwenye mukeka mumoja na Constance, mutoto wa Bulonza, ambaye bado hakuwa amepoteza hata jino moja la utoto. Wakati wa mvua, baridi ya Bukavu inapanda kutoka ziwani, inapita kati ya mbao, inatafuta mifupa. Imbwa alikuwa blanketi ya mutoto. Constance akianguka, Waseme alimulamba magoti. "Acha amulambe," Ignace alisema. "Mate ya imbwa ni dawa. Kwani yeye akiumia anaendaka dispensaire kutafuta dawa ingine?"

Emérence aliangalia lile sikio. Tangu matanga mpaka leo lilikuwa linapanguswa na makucha yenye mate, na halikupona. Aliliweka moyoni tu, akaendelea na kazi.

Ndipo muguu wa Constance ukavimba. Ulianza na mukwaruzo wa mawe chini ya goti, kitu cha kila mutoto wa mitelemuko ya Kadutu. Mukwaruzo ukawa jipu. Ignace alimufungulia kapsule, unga juu ya jipu. Kesho yake akafungua mbili. Jipu halikujali. Muguu ulikuwa moto kama chungu, na mutoto akaanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Georgette, jirani aliyeuza samaki wadogo wa sambaza, aliingia kumuona. Alitikisa kichwa. "Sikio la kufa," alianza, "halisikiaki..."

"Toka," Emérence akamuambia.

"Hein? Mama Constance, ni methali tu."

"Toka na methali yako."

Akamufunga mutoto mugongoni, akateremuka naye hospitali.

Kule walipasua, usaha ukajaa beseni. Walimupiga sindano za dawa nyingine, si tetra, dawa ya chupa ndogo ambayo masista wa hospitali waliletewa kutoka Ulaya na kuitunza ndani ya kabati yenye funguo. Muguu ulitulia. Constance akala, akacheka, akarudi nyumbani amebebwa na Ignace, ambaye aliamusha muji muzima kwa nyimbo. Waseme aliruka mpaka mabegani kwao, akamulamba mutoto uso, mikono, bandeji.

Mvua ya mwezi ule haijaisha, jipu likarudi. Safari hii lilikuwa ndani zaidi.

Aliyewapokea ni yule yule wa mara ya kwanza, Maman Marcelline, infirmière, muuguzi wa pavillon ya watoto, mwanamuke munene mwenye sauti ya kugombeza hata akiwa anabariki. Alibonyeza muguu, akakunja uso.

"Nyumbani kwenu nani anakunywaka tetra?"

"Hakuna mutu, maman."

"Usinidanganye, citoyenne. Tulichukua usaha wa mutoto wako, tukaufuga kule labo, wanapopima. Kuya uone."

Alimupeleka kwenye chumba chenye harufu ya pombe ya dawa, akamuonyesha kisahani cha kioo. Ndani kulikuwa utando kama ukungu juu ya muhogo ulioloweshwa. Juu ya utando waliweka vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowa dawa yake. Pembeni ya kimoja mahali pote palikuwa peupe, kama uwanja uliofagiwa. Pembeni ya kingine utando ulikuja mpaka ukingoni, ukasongamana kama kuku kwenye unga.

"Hii hapa ni tetra," Marcelline alisema. "Unaona wanavyoikalia? Mududu ni kama mutoto wa kupigwa. Ukimupiga sawasawa siku ya kwanza, amekimbia. Ukimupa nusu fimbo kila asubuhi, anazoea. Mwisho unamupiga na yeye anakuangalia tu machoni. Huyu hajazoea kwa siku mbili za unga juu ya jipu la mutoto wako. Huyu amelelewa na tetra. Nani anamulea?"

Emérence alitazama kisahani tena. Alikuwa amejibu kweli: mutu hakuna.

"Ni imbwa," akasema.

"Imbwa?" Marcelline alicheka mpaka mugonjwa mumoja akaamuka. "Nyamuzinda, Mungu wangu! Sisi tunakosa dawa ya wabatizwa, nyinyi munanywesha imbwa?" Kisha kicheko kikakatika. "Mutoto analala na nani?"

"Na yeye huyo imbwa."

Marcelline alichukua kijiti chenye pamba, akakitia ndani ya chupa, akamupa. "Kiingize mahali imbwa anapooza. Usikiguse na kidole."

Emérence alifanya vile, Ignace akiwa sokoni. Kule labo walimucheka kwanza, wakauliza imbwa huyo anaitwa citoyen nani, maana wakati ule kila mutu wa taifa aliitwa citoyen, mwananchi. Siku kisahani kilipokuwa tayari hawakucheka. Ukungu wa sikio la Waseme na ukungu wa muguu wa Constance walikuwa ndugu, tumbo moja.

"Mutoto akirudi pale imbwa iko, atarudi hapa," Marcelline alisema. "Na safari ya tatu mududu atakuwa kwenye mufupa. Kwenye mufupa tunakata muguu. Sikutishi, nakuambia."

Emérence alimukuta Ignace ameketi mbele ya nyumba, mupira wa gari kati ya magoti, Waseme miguuni. Alimueleza polepole, kisahani kwa kisahani. Ignace alisikiliza akiendelea kukata.

"Wazungu walisema pia ziwa litawaka moto," alisema.

"Haikuwa muzungu. Ni Maman Marcelline."

"Ni vile vile, iko anavaa nguo nyeupe." Kisu kikasimama. "Sasa unataka nini, Mama Constance? Sema na mudomo wako."

"Nataka mutoto asikatwe muguu."

"Na miye nataka akatwe?"

"Shemeji, sijasema vile."

"Umesema imbwa aondoke. Aende wapi? Akioza sikio hivi nani atamupokea? Kumutoa ni kumuua." Aliweka mukono juu ya kichwa cha Waseme. "Mulima ulipoanguka, watu walikimbia. Wewe ulikuwa huku unapika. Miye nilikuwa huku nakata viatu. Nani alikuwa pale na Bulonza? Huyu. Mudomo wa shimo ndio kaburi, na huyu ndiye aliyezika. Leo nimuchinje juu ya ukungu wa kisahani?"

Georgette, kutoka ng'ambo ya uzio, hakuweza kuvumilia. "Kwa ile nyumba ningezaliwa imbwa, wee, ningenenepa!"

"Uza sambaza zako!" Ignace akamupigia kelele.

Emérence hakubishana. Angeweza kwenda kwa baba yake, kijijini Walungu, mulango ulikuwa wazi. Lakini angekwenda peke yake. Mutoto ni wa ukoo wa baba, hilo lilijulikana bila mutu kulisema. Ignace ndiye aliyekuwa na neno. Kwa hiyo alikunja kikwembe kimoja, akarudi hospitali, akaketi kando ya kitanda cha Constance.

Muguu ulipotulia walimuambia arudi nyumbani, kitanda kinangojewa. Alishuka na mutoto chini, akatandika kando ya ukuta wa korido. Walimuambia korido si nyumba. Akahamia chini ya veranda, pale wagonjwa wa vijijini wanapopikia. Marcelline alimugombeza, akamuletea blanketi, akamugombeza tena. Emérence alikaa tu, kama mutu anayengoja maharagi yaive kwa makala kidogo.

Ignace alileta chakula kila siku ndani ya kikapo, akauliza lini wanarudi, akapata jibu moja: "Siku nyumba itakuwa safi." Aliondoka akitema mate.

Lakini siku moja alifika wakati wa kusafisha kidonda, maana baridi ya veranda ilikuwa imekifungua tena. Marcelline alikuwa anaingiza bandeji ndefu ndani ya shimo la muguu kwa koleo, polepole, kama utambi ndani ya taa, na bandeji iliendelea kuingia pale ambapo mutu angefikiri muguu umekwisha. Constance alishikwa na watu wawili. Hakumuita mama yake. Alimuita baba yake mukubwa:

"Tonton! Tonton Ignace, waambie waache! Tonton, si uko pale!"

Ignace aliweka kikapo chini. Akatoka bila kusalimia.

Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya watu wote. Kadutu nzima ilishuka barabarani na majembe kufagia mitaro, na wakubwa wa mutaa walisimama kuangalia nani amekosa. Ignace alipita kati yao na jembe begani na imbwa nyuma. Kila mutu alifikiri anakwenda kazi ya taifa. Hakusimama kwenye mutaro. Aliendelea mpaka upande wa muto Ruzizi, pale udongo ni laini.

Alifika hospitali muchana, matope mpaka magotini, kamba haina kitu. Emérence alisimama.

"Nimemuzika," Ignace alisema. "Nimechimba shimo la kweli, la mutu. Nikamulaza. Nikasema Baba Yetu." Alizungusha kamba tupu mukononi. "Nimemuzika vizuri, Mama Constance."

Akaketi kwenye ngazi, mwanaume muzima, akalia mbele ya wapishi wote wa veranda. Emérence hakumuuliza alimuua kwa njia gani. Alijua machozi yale hayakuwa ya imbwa peke yake. Matanga ya Bulonza yalikuwa yanamalizika siku ile. Alimwagia maji miguuni, akamuosha matope, naye pia akalia.

Constance aliambiwa ukweli, na kwa siku nyingi alimupa baba yake mukubwa mugongo.

Walirudi. Emérence alichoma mukeka, alichemusha vikwembe vyote, alisugua sakafu na majivu na maji ya moto mpaka vidole vikachubuka. Kidonda kilifunga. Goti halikunyooka tena, lilibaki limepinda kama mutu anayetaka kupiga magoti kisha akaghairi. Lakini muguu ulikuwepo, na mutoto alitembea juu yake. Polepole alimusamehe Ignace. Jioni Ignace alikuwa anamubeba mabegani mpaka kwenye robine ya maji, amemushika miguu kwa mikono miwili, na njia nzima wanatukanana.

"Farasi wangu ananuka mupira!"

"Na mupandaji ananuka sambaza!"

Emérence aliwafuata na ndoo. Ulikuwa wakati muzuri, na ulikuwa mufupi.

Alikuwa anamuogesha mutoto alipouona upele. Ulikuwa mudogo, mwekundu, na kichwa cheupe, upande wa ndani wa muguu uliokuwa muzima. Aliuangalia kwa muda. Kisha akaweka kidole gumba chake mahali pale, na vidole vingine vikazunguka muguu vyenyewe, na akajua ni wapi amewahi kuona muguu ukishikwa vile. Ilikuwa jioni zote, njia ya robine. Upele ulikuwa umeota pale gumba la Ignace linapokaa.

Hakumuambia. Alimuomba tu amusindikize hospitali. Marcelline alimuangalia mutoto, kisha akamugeukia Ignace: "Papa, lete mukono." Ignace alitoa gumba lake, lile la kisu, lenye kidonda cha pembeni mwa ukucha, na juu yake unga wa njano uliokauka.

"Bado unajiwekea tetra?"

"Kidogo tu. Nusu."

Marcelline alipitisha pamba. Hakumucheka, hakumugombeza, na hilo ndilo lililomutisha Emérence.

Emérence aliporudi kuchukua jibu, alikwenda peke yake.

"Wadudu hawakuzikwa pamoja na imbwa," Marcelline alisema. "Walikuwa wamekwisha hamia kwa shemeji yako zamani, pengine ndiye aliyemulisha imbwa nao, nani anajua. Dawa ya kabati imebaki ya kumaliza mutoto tu, si ya watu wawili. Nyingine iko Kinshasa, wanasema. Kwa sasa aoge na sabuni, aache tetra, na asimuguse mutoto mpaka kidonda kikauke."

"Kitakauka lini?"

"Muulize kidonda."

Njia ya kupanda Kadutu haikuwahi kuwa ndefu vile. Emérence alitafuta maneno kwenye kila kona. Kumuambia mutu aliyemuzika imbwa kwa mikono yake kwamba sasa imbwa ni yeye: maneno ya namna hiyo yanatoka wapi?

Ignace alikuwa mahali pake mbele ya nyumba, anamaliza viatu vidogo vya mupira, kimoja kimenyanyuliwa kisigino kwa ajili ya goti lililopinda. Aliinua macho, akamuona amesimama bila kukaribia.

"Ni miye," alisema.

Emérence alibaki ameshika ncha ya kikwembe chake.

"Sema basi. Ulisema juu ya imbwa vizuri."

"Wanasema ni mpaka kikauke tu, shemeji. Unaweza kulala jikoni. Nitakupikia, nitakuwekea sahani yako."

Ignace aliangalia gumba. "Tangu nianze kukata mupira halijakauka. Na yule mutoto akiniona anarukia. Nitamufukuza na fimbo?" Aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha. "Gari ya Luhwindja inaondoka kesho. Kule hakuna mutoto."

"Shemeji, usiende kwenye mashimo."

"Kuna kazi ingine ya mutu wa kidonda?"

Asubuhi ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda mpaka kwenye mabati. Gari ya mizigo ilisimama barabarani chini, watu wamekwisha jaa juu ya magunia. Ignace alitoka na kifurushi chake. Alikuwa ameweka vile viatu juu ya jiwe karibu na mulango. "Uvimwagie maji ya moto kwanza," alimuambia Emérence, "ndipo avae."

Constance alikuwa ameamuka. Aliona kifurushi, akashuka ngazi akichechemea, goti limepinda, mikono juu.

"Tonton! Farasi! Nibebe mpaka kwenye gari!"

Ignace aliweka mikono yote miwili mugongoni. Alirudi nyuma hatua, mutoto akasogea. Akarudi tena, mutoto akasogea tena, akicheka, akidhani ni muchezo.

"Mama Constance," Ignace alisema, sauti imekauka. "Mushike mutoto wako."

Emérence alimushika kiunoni. Mutoto aliacha kucheka. Alijinyoosha mbele mpaka vidole vyake vikakosa koti la Ignace kidogo tu, naye Ignace akageuka, akateremuka kwenye matope, mikono bado mugongoni kama mutu aliyefungwa na askari. Chini barabarani walimuvuta juu ya gari kwa mabega, maana mikono hakuitoa.

Constance alipiga mateke, aliuma, aliita mpaka sauti ikaisha. Emérence hakumuachilia mpaka gari likapotea nyuma ya kona. Kisha akaingia jikoni, akaweka maji ya viatu kwenye babula.